Sekunde Arobaini

Shangazi aligonga pipa la mashine mara tatu kwa spana, akatega sikio, akasubiri. Ndipo akawasha mashine ya kuchanganya chakula cha kuku. Kijana mwenye saa mkononi akaandika kitu.

"Hiyo ngoma ni ya nini?"

"Ni hodi, mwanangu. Pengine kuna mtu amevua viatu akaingia ndani kusafisha. Akisikia, anatoka."

"Mwezi mzima nimesimama hapa, sijaona mtu akitoka. Sekunde arobaini zinapotea bure."

Kijana aliletwa na makao makuu ili viwanda vyote vitatu vifanye kazi kwa namna moja. Wafanyakazi walimbandika jina la Bwana Sekunde, wakavicheka viatu vyake vya kung'aa kama vya bwana harusi, humo ndani kwenye vumbi la pumba.

Jumatatu karatasi ikabandikwa ukutani. Hatua nane za kuwasha mashine, na hodi haimo. Karatasi ya hatua za kusafisha pipa, alisema kijana, angeimalizia wiki hiyohiyo.

"Ukigonga tena, Shangazi, sitakuwa na la kukutetea," msimamizi alimnong'oneza. "Wamekwisha kukuandika jina."

Shangazi akaitia spana mfukoni. Alikuwa na wajukuu wawili wa kulea peke yake, na kibarua kikiota nyasi hakuna wa kumpa kingine katika umri ule. Siku mbili aliiacha humo.

Siku ya tatu, king'ora cha kumaliza mapumziko ya mchana kikalia. Asubuhi Bwana Sekunde alikuwa amemwambia, "Leo nitakupima tena, Shangazi. Usiniangushe."

Akasoma hatua moja moja kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika ya nane, mkono ukaenda mfukoni wenyewe. Akaurudisha. Aliona aibu, kisha hasira, kisha akabonyeza kitufe.

Pipa likanguruma. Hakuchelewa hata kidogo, na safari hii alitaka kijana aone kwa macho yake.

Akazunguka nyuma ya pipa, mahali ambapo Bwana Sekunde alizoea kusimama na saa yake. Hakuwapo. Chini ya ngazi ya kupandia mlango wa pipa palikuwa na viatu vyeusi vya kung'aa, vimepangwa sambamba, na ndani ya kimoja saa ilikuwa ikiendelea kuhesabu.