Chungu cha Rangi Nyekundu

Tangu alipoteleza akagonga kisogo, Bi Mwanakheri, msuka mikeka, aliona kila kitu kama majivu.

"Mama, macho yako ni mazima," daktari alimwambia. "Rangi hukamilishwa na ubongo, na hapo ndipo ulipoumia."

"Patapona?"

Daktari alimwandikia tarehe ya kurudi.

Bi Mwanakheri aliporudi nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye chungu ambamo binti yake, Saumu, alikuwa amepoza rangi nyekundu ya kuchovya ukili wa mikeka. Aliutumbukiza mkono hadi kiwikoni, akautoa, akauinua juani.

"Ni nyekundu, mama," Saumu alisema taratibu.

"Usiniambie. Niache niione mwenyewe."

Akautumbukiza tena, akauinua, na matone ya kijivu yakamdondokea usoni, naye hakufumba macho.