Sachi ya Kiwanja cha Mvara

Mteja wa kwanza wa Obitre asubuhi ile hakuuliza bei ya kiwanja. Hilo peke yake lingemshtua mtu mwenye akili, lakini Obitre alikuwa ameshauona mkoba wake, na mkoba ulikuwa umetuna.

"Karibu, mama. Kaa hapa kwa kivuli. Ile ofisi usiingie, watakuzungusha mpaka viatu viishe."

Ofisi ya ardhi ya Arua ilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua thelathini, mlango wazi. Ukutani walikuwa wamebandika ada ya kuangalia rekodi ya kiwanja, ile ambayo watu huiita sachi, na ada yenyewe haikufika bei ya jogoo. Obitre alikuwa na meza, mwavuli, laptopu yenye ufa, na bei yake mwenyewe: laki tatu. Ukimuuliza za nini, atakwambia za wakubwa wa ndani. Wakubwa wa ndani hawakumjua hata kwa sura. Miaka mitatu mizima alikuwa akiuza karatasi za ofisi ambayo hajawahi kuikanyaga.

"Mimi naitwa Mama Shafiki," mwanamke akasema. "Natoka Koboko. Kuna mutu moja, Constantino Ladu, anauza ploti namba arobaini na moja, kule Mvara. Amenipa hii fotokopi ya taito. Anasema sachi iko kwako."

"Constantino? Ule mutu yangu kabisa!"

Hapo hakusema uongo. Constantino huleta wanunuzi, Obitre huwapa karatasi ya kuwatuliza roho, na kila mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Akaitazama fotokopi ya hati. Herufi za jina la Constantino zilikuwa nene kuliko maneno mengine, tena zimekaa upande. Akaziona. Akageuza macho upesi, maana jicho la broka lina adabu zake.

"Mtoto yangu," Mama Shafiki akasema, "hii ploti ndiyo maisha yangu yote. Miaka kumi na mbili nauza vitenge Oraba, kwa jua, kwa vumbi ya malori, sababu ya hii tu. Ikipotea, watoto yangu hawana pa kulala. Angalia vizuri."

Maskini, moyo wa Obitre uliguswa. Uliguswa kwelikweli. Akaongeza elfu hamsini ya usafiri.

"Usafiri ya kwenda wapi?"

"Ndani."

Mama Shafiki akatazama mlango ule ng'ambo ya barabara, akamtazama Obitre, akalipa nusu. Nusu nyingine baada ya kazi, akasema.

Obitre akabeba bahasha yenye fotokopi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai, akazunguka nyuma ya jengo, akaingia kibandani kwa Phiona, akaagiza chapati mbili na maharage. Akala taratibu. Akachokoa meno. Alipohesabu kwamba muda wa heshima umepita, akarudi anapangusa jasho la kazi.

"Nimefika mpaka kwa rekodi yenyewe, mama. Iko safi."

"Umeona kwa macho yako?"

"Haya mawili."

"Basi andika hivyo. Weka jina yako, weka sahihi. Mimi nasoma polepole, lakini Koboko iko watu wanajua kusoma."

Obitre alimpenda papo hapo. Mteja anayetaka maneno mengi haulizi kwa nini karatasi ni ghali. Akaandika, vidole vinacheza kwenye laptopu: Mimi, Obitre Kenneth, nimeiona rekodi hii kwa macho yangu. Mwenye kiwanja ni Constantino Ladu. Hakuna kesi, hakuna deni.

"Sasa jina ya mwenye kuomba sachi. Lakini jina ya kitambulisho, mama. Mama Shafiki ni jina ya mtoto."

Akapewa kitambulisho. Akanakili herufi moja moja, asikosee: Imeombwa na Kaltumu Bushira. Akachapisha, akatia sahihi. Kidau cha muhuri kilikuwa kimekauka. Akakitemea mate, akagonga.

Mama Shafiki akaisoma karatasi polepole, akaikunja mara mbili. Kisha akainuka, akavuka barabara, akaingia ofisini bila kubisha hodi na bila kulipa ile nusu.

"Mama! Mama, na yangu je?"

Uchungu wa pesa hauna woga. Obitre aliruka mtaro, akapishana na bodaboda iliyomtukana kwa Kilugbara fasaha, akaingia mbio mpaka ndani. Nyuma ya meza alikaa karani, Pasca kwa jina, na kompyuta yake. Pembeni yake alikaa askari wa kike mwenye daftari. Karatasi yenye muhuri ilikuwa imeshakunjuliwa katikati yao.

"Ndiye huyu?" askari akauliza.

"Ndiye," Mama Shafiki akajibu.

Obitre akacheka kicheko chake cha kazini. "Afande, hii ni kusaidiana tu. Mama anataka kununua ploti, mimi namlinda asiibiwe. Wezi wa ardhi wamekuwa wengi."

"Kweli wamekuwa wengi," Pasca akasema. "Na wewe umeandika umeiona rekodi kwa macho yako." Akamgeuzia kioo cha kompyuta. "Ndiyo hii. Namba arobaini na moja, Mvara, tangu imeandikishwa haijabadilika mkono. Tuonyeshe mahali ulipomwona mwenye kiwanja."

Obitre akainama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma rekodi ya ardhi, akakuta maandishi ni makubwa, yamepangwa vizuri, hayamsumbui mtu. Akaanza kusoma kimoyomoyo.

"Soma, mtoto yangu," Mama Shafiki akasema. "Kwa nguvu, afande apate kuandika."

"Mwenye kiwanja," Obitre akasoma, "Kaltumu Bushira."