Mafuta ya Ufuta

Jirani yao Bi Tunu anadai Salha alipakwa hina iliyobaki kwa bibi harusi aliyeachwa, ndiyo maana ngozi yake imekakamaa hata haifinyiki.

Hospitalini, Salha alinyoosha mkono. Tangu alfajiri mama yake alikuwa akiukanda kwa mafuta ya ufuta ya moto, ili mashine iukute laini. Ugumu ukizidi, basi dawa anayotumia imeshindwa, na nyingine hakuna.

Mpimaji alipaka jeli, akapitisha kifaa cha altrasaundi, akatazama kioo cha mashine.

“Mafuta yote haya ya nini, dada? Hii inaona ndani.”

“Inasemaje?”

“Ugumu umezidi.”

Kwa vidole visivyokunjika, Salha akahangaika kupandisha mkono wa gauni upande wa pili.

“Nipime huu, dada yangu. Huu una afadhali.”

Mpimaji alishika kitambaa bila kufuta, jeli ikiteremka taratibu kiwikoni mwa Salha.