Kitanda cha Anastazi

"Hivi Domisiana, huo mkeka una mwisho, au unaufumua kama yule mke wa Mgiriki?"

Ndivyo jirani yake Eustakia alivyomuuliza siku moja, na kijiji kizima kikacheka, maana hadithi ile ilikwisha kuwaingia.

Aliyewaletea ni mwalimu Novatus wa elimu ya watu wazima. Wagiriki wa kale, alisema, walitunga hadithi ya mfalme aliyekawia vitani, na tangu hapo kila taifa limeiandika upya kwa zamu. Sasa zamu ni ya Ngara. Wagiriki, bila shaka, hawakuulizwa. Meli ikawa lori la jeshi, mvinyo ukawa rubisi, pombe yetu ya ndizi, mfalme akawa mgambo aliyekwenda kupigana Uganda. Mkewe anawazungusha waposaji kwa mkeka anaousuka mchana na kuufumua usiku, na mume akirudi anamtambua kwa kitanda: anaagiza kitolewe nje, mume anawaka, kwani miguu ya kitanda aliichimbia ardhini mwenyewe, hakiondoki. Kila Jumapili baada ya misa mwalimu aliisoma uwanjani, na walioijua walianza kulia mapema.

Domisiana hakulia. Mumewe Anastazi alikwenda vitani kweli, na hakurudi. Alisali rozari, akapalilia migomba yake, akawakataa waposaji.

Ndipo akaja mtu mwenye uso ulioungua. Kwanza alionekana uwanjani, ameketi nyuma, kofia machoni. Wiki iliyofuata akabisha kwa Domisiana, akasema ndiye Anastazi. Bomu lilimharibu sura na sauti.

Watu wakajaa uani. Mwalimu Novatus alikuja na kalamu. Domisiana alimtazama mgeni kwa matumaini. Akampa kiti na kibuyu cha rubisi, kisha akasema taratibu:

"Eustakia, kitoe nje kile kitanda alichotengeneza Anastazi. Mgeni apumzike kivulini."

Mwalimu alisahau kupumua. Mgeni akainuka.

"Kitolewe na nani, mke wangu? Miguu yake niliichimbia ardhini kwa mikono hii. Labda mkikate kwa shoka."

Vigelegele vikapigwa. Mwalimu alifuta machozi huku akiandika; si kila siku maisha yanakubali kunakili kwa mwandiko mzuri hivyo.

Eustakia akatokea mlangoni, kitanda cha kamba kichwani, mkono mmoja ukimtosha kukishika.

"Hivyohivyo ndivyo Anastazi alivyokibeba," alisema Domisiana, "siku Operesheni Vijiji ilipotushusha kutoka mlimani."

Mgeni aliweka kibuyu chini, akavaa kofia yake, akatoka.