Picha Iliyogoma Kuhama

Nyanzala alitelezesha kidole gumba kwenye kioo cha simu mpaka mwisho wa tovuti yake, akakuta pale chini ni peupe pe.

Picha ya marehemu mume wake wa kwanza, aliyemfundisha kushika kamera, haikuwepo.

"Imegoma kuhama," mumewe wa sasa alisema, macho kwenye kompyuta. "Si nilikwambia fremuweki ya zamani, ule mfumo uliobeba tovuti, imechoka? Ukijenga upya kwa nyingine, vitu vingine vinapotea njiani."

Alikuwa ameng'ang'ania hilo tangu Pasaka: eti ukurasa mmoja tu wa Nyanzala, mpiga picha za harusi wa Nsemulwa, unahitaji kujengwa upya.

Nyanzala alirudi juu taratibu. Maharusi wa Kibaoni walikuwepo wote. Namba ya simu ilikuwepo. Hata yule kuku aliyekatiza mbele ya bibi harusi alikuwa amehama salama.

"Baba Upendo, sisi tulihama na ng'ombe toka Shinyanga mpaka Mpimbwe," alisema. "Kwetu zizi la zamani halibomolewi mpaka mifugo yote ionekane kwenye zizi jipya. Nyie wa kompyuta mnahamaje?"

Mumewe alicheka, peke yake.

"Nifungulie ile ya zamani."

"Nimeshaifuta."

Mkono wa mumewe ulinyanyuka kufunga kompyuta. Nyanzala aliuwahi, akaubana juu ya kibodi.

"Niambie basi, baba Upendo. Huyu alipotea njiani, au ulimchinja kabla hatujaondoka?"