Pete za Chuma cha Pua

Kalibu zote mbili mezani zilikuwa za kugongea pete laini za shaba, na pete za kupitishia kamba za maparachuti zilizoletwa asubuhi zilikuwa za chuma cha pua. Tunu, fundi wa maparachuti, alichagua kalibu nzito, akagonga pete ya kwanza kwenye parachuti. Ukingo wa pete ulipasuka. Alipoupapasa, ulimchana kidole.

"Afande, hii itakata kamba," alimwambia sajini aliyesimamia kazi. "Niletee kalibu ya pete za chuma cha pua."

"Haipo, mama. Ndege inaondoka adhuhuri. Wewe gonga tu."

"Mume wangu ni mmoja wa watakaoruka."

Sajini aliinamisha kichwa. "Na mdogo wangu pia."

Tunu alichukua tupa, akaanza kuusugua ukingo, bila kujua parachuti lile lingevaliwa na nani. Nje, injini za ndege zilianza kunguruma.