Kifungo cha Daktari

Daktari alibandika picha mbili za eksirei kwenye kioo chenye taa, ya mwaka jana na ya leo. Kama baridi yabisi ilikuwa imezidi kutafuna mifupa ya vidole vya mama fundi, angefunika cherehani yake moja kwa moja.

"Mifupa imesimama palepale," daktari alisema. "Kilichosaidia ni vidonge au zile sindano za tiba ya Kichina zinazopitishwa umeme, siwezi kuapa. Nani humchoma?" aliuliza, akimgeukia msichana aliyemsindikiza fundi.

"Mimi, binti yake."

"Mwanzoni alizipanga kombokombo!" fundi alidakia. "Nikamwambia ng'oa, mwanangu, anza upya. Sasa zimenyooka kama pindo la suti, na umeme wake unatosha taa za mtaa mzima!"

"Mama, jamani!"

Fundi alikunja kidole cha shahada polepole, kikagusa kiganja.

"Daktari, vua koti. Kifungo chako kinaning'inia tangu mwaka jana."